Taa Ikishawaka, Nani Analipa?

Vijana wa Ngong, Kiserian na Kitengela wanaotaka kujua namna ya kutajirika kwa teknolojia huwa wana majina tayari mdomoni: Gates aliyeacha chuo cha Harvard, Jobs na gereji ya wazazi wake, Musk na roketi zake. Sina ugomvi na majina hayo. Shida yake ni kwamba hayamsaidii sana mtu ambaye gereji pekee anayoijua ni ya fundi wa bodaboda, na ambaye baba yake akisikia habari ya kuacha chuo atatafuta fimbo kwanza ndipo aulize maswali. Mfano unaotufaa uko hapa hapa Kajiado, Empakasi, upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Mbuga hiyo ilifunguliwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba 117. Ina ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia wavuke mto Mbagathi kwenda malishoni katika tambarare za Athi na Kapiti. Wakivuka wao, simba nao huwafuata. Na simba akishavuka, baina ya kumkimbiza pundamilia anayepiga mateke na kuruka ndani ya zizi lenye ng'ombe waliolala, hana haja ya kufikiri sana.

Upande huo wa kusini ndipo alipokulia Richard Turere. Alipofika miaka 9 alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake awalinde, kama ilivyo kwa wavulana wengi wa Kimaasai. Simba wakawa wanakuja usiku, na siku moja wakamuua fahali pekee wa boma lao. Kijana akajaribu moto. Moto ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba waliligwaya, siku ya pili wakagundua kwamba huyu bwana hasogei. Kisha usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanachoogopa ni mwanga unaotembea.

Alikuwa na miaka 11 alipounganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, swichi, balbu za LED alizozing'oa kwenye tochi mbovu, na kile kidubwasha cha pikipiki kinachofanya indiketa ipepese, ambacho mafundi wanakiita flasha. Taa akazielekeza nje ya zizi. Zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu, na simba aliyesimama gizani akaona kana kwamba mtu anazunguka boma usiku kucha, kumbe mlinzi amelala fofofo. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa amepoteza mifugo mingi, akaomba afungiwe na yeye. Akafungiwa. Kufikia Februari 2013, Turere aliposimama kwenye jukwaa la TED huko Long Beach, California, akiwa na miaka 13, alikuwa ameshafunga taa zake katika maboma saba. Alikuwa pia amepata ufadhili wa masomo katika shule ya Brookhouse, ng'ambo ya pili ya mbuga ile ile. Julai 2023, mjini Valencia, Hispania, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikampa nafasi ya kwanza katika tuzo yake ya wavumbuzi vijana.

Hesabu basi: tangu balbu za tochi mbovu hadi Valencia ni miaka kama 12. Simtaji Turere kwa kuwa ni bilionea. Namtaja kwa kuwa safari yake inaonyesha wazi mahali ambapo kijana wa kwetu anafanikiwa na mahali ambapo kazi ngumu huwa bado haijaanza. Taa kuwaka ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kujua nani atalipia taa hiyo, mwaka huu na mwaka ujao, na wavumbuzi wetu wengi hukwama hapo.

Nianze na wazazi, maana biashara hizi huanzia nyumbani. Turere mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuifungua redio mpya ya mama yake, na siku hiyo nusura mama amuue. Mama alikuwa na haki yake. Redio ilikuwa mpya. Lakini elimu ya umeme aliyoitumia baadaye ilitoka humo. Kama una mtoto mwenye mkono wa kufungua vitu, usingoje afikie redio mpya. Pita kwa fundi wa simu na redio pale Ngong, umwombe mabaki: redio zilizoungua, chaja zilizokufa, tochi za Kichina zilizogoma. Atakupa kwa bei ya chai. Mnunulie na mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya bei nafuu, kwa sababu mtoto anayepima hujifunza upesi kuliko anayebahatisha. Kitu kimoja tu cha kumkataza bila mjadala: nyaya za umeme wa nyumba. Volti 12 za betri zitamfunza. Volti 240 za ukutani zitakuletea msiba.

Na fundi wa pikipiki usimdharau. Yeye ndiye atakayemwambia mwanao jambo ambalo hata mwanafunzi wa chuo anaweza kutolijua: kwamba flasha ya zamani iliyotengenezewa balbu za kawaida, ukiifungia LED, mara nyingi hupepesa mbio kupita kiasi au hukataa kupepesa kabisa, kwa kuwa LED inakula umeme kidogo mno. Ukijua hilo unanunua flasha ya LED, na kazi inaendelea. Usipojua, utakesha ukilaumu betri. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anataka elimu iliyopangika ana Masai Technical huko Kajiado mjini; na akitaka mashine za kutengenezea sampuli za vifaa, Nairobi kuna karakana ya Gearbox. Tena shule isiachwe. Turere hakuacha shule kwa ajili ya taa. Taa ndizo zilizomfungulia shule nzuri zaidi.

Sasa tuje kwenye pesa.

Ukimuuliza mvumbuzi wetu mteja wake ni nani, jibu la kawaida ni "wafugaji wote wa Kenya". Hilo ni jibu la mtu ambaye hajauza bado. Tazama taa za simba. Anayezitumia ni mwenye boma. Anayefurahi zikifanya kazi ni mwenye boma, ndiyo, lakini wako wengine wawili. Kuna mashirika ya uhifadhi, ambayo hayataki tena kuona kilichotokea Kitengela mwezi Juni 2012, simba sita walipouawa kwa mikuki baada ya kuvamia mifugo. Na kuna serikali, ambayo sheria ya wanyamapori ya 2013 inaitaka imlipe fidia mtu aliyeliwa mifugo yake. Watu watatu, kila mmoja na sababu yake ya kutoa pesa. Mfumo wa Turere ulipokua, ukawa na mipangilio 16 ya kupepesa ili simba wasizoee, na kinu kidogo cha upepo cha kusaidia siku za mawingu, gharama ya kuufunga ikafika dola 200 hivi. Kwa kawaida nusu ya fedha hizo hutoka kwa mashirika, na nusu kwa mwenye boma.

Kaa na hesabu hiyo kidogo. Dola 200 ni fedha nyingi kwa mfugaji ukimwambia azitoe leo mkononi. Lakini nenda mnada wa Kiserian uulize bei ya fahali mmoja aliyenona. Taa ikizuia kifo cha mnyama mmoja tu, imejilipa. Kwa hiyo kijana anayeuza asiseme, "Mzee, hii ni teknolojia ya kisasa ya sola." Aseme, "Mzee, mwaka jana simba walikula ng'ombe wangapi hapa?" Kisha anyamaze, amwache mzee ahesabu mwenyewe. Bei hupangwa dhidi ya hasara inayozuiwa. Ukiipanga kwa kujumlisha nyaya na balbu tu, utauza kwa bei ya kutupa, na mwezi wa tatu utakuwa unakopa nauli.

Kwa upande wa mashirika, jua kwamba fedha ya kulinda uwanda huu ilianza kutolewa kabla yako. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango uliowalipa wenye ardhi Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua na kuwazibia wanyama njia. Mtu aliyekubali kulipia nyasi zibaki wazi anaweza kukubali kulipia zizi lisivamiwe. Huyo mtafute na takwimu zako mkononi: maboma mangapi, siku ngapi, mashambulizi mangapi kabla ya taa na mangapi baada yake. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Ila fedha ya mfadhili ni kama mvua ya vuli: panda ikinyesha, lakini usiifanye ndiyo kisima cha nyumbani. Mradi wa miaka miwili huisha baada ya miaka miwili, na barua ya kusema umeisha huwa fupi sana. Ndiyo maana nusu ya mwenye boma ni muhimu kuliko nusu ya shirika, hata kama inalipwa kwa awamu, hata kama inalipwa baada ya mnada.

Si kila mtu ana simba, najua. Anayeishi mjini Kitengela ana matatizo mengine kabisa. Maji ya bauza, kwa mfano: mwenye nyumba za kupangisha hujua tangi limekauka pale mpangaji wa ghorofa ya tatu anapompigia simu kwa hasira saa kumi na mbili asubuhi. Kifaa cha kumtumia ujumbe tangi likibaki robo si muujiza wa kisayansi, na analipa mwenye nyumba kwa sababu yeye ndiye anayetukanwa. Maji ya visima nayo yana floridi nyingi katika sehemu nyingi za kaunti hii, meno ya watoto wetu ni ushahidi, na wenye vioski vya maji yaliyochujwa wanahitaji kujua kichujio kimechoka lini. Tafuta hasara inayorudi kila mwezi kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa. Kilio kikubwa kisicho na mlipaji ni kazi njema ya kanisa au ya serikali, nayo ina thawabu yake. Biashara ni jambo jingine.

Ukishauza, mtazame mteja anavyokitumia kitu chako, si unavyotaka akitumie. Kuna uvumi usiozeeka, utausikia katika kila baa kuanzia Ngong mpaka Namanga, kwamba M-Pesa iliibwa kwa mwanafunzi mmoja Mkenya. Ukweli una faida zaidi kwa mfanyabiashara. M-Pesa ilibuniwa na timu ya Vodafone na Safaricom, na majaribio yakafanywa mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo likiwa watu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana fedha, kulipana, hata kuweka pesa ndani ya simu kabla ya safari na kuzitoa wakifika. Walioendesha jaribio wakawa na akili ya kufuata mteja. Ilipozinduliwa Machi 2007, kilichouzwa kwa umma kilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Halafu kuna matengenezo, ambayo vijana hawapendi kuyasikia. Vumbi la Kajiado huziba paneli ya sola ndani ya wiki chache za kiangazi. Mbuzi hutafuna nyaya. Betri ya mtumba hufa bila kuaga. Taa ikizimika usiku wa Jumamosi na simba akaingia Jumapili, boma hilo halitanunua tena, na maboma yote yanayokutana nalo mnadani hayatanunua. Weka bei ya matengenezo ndani ya bei ya mauzo tangu siku ya kwanza, na umfunze kijana mmoja katika kila eneo afute paneli na kubadili fyuzi, umlipe kwa M-Pesa kila anapokwenda. Ukifunga sola kama kazi, kanuni za 2012 zinataka fundi awe na leseni, siku hizi ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kuanzia daraja la T1 kwa mifumo midogo. Kaipate. Shirika la maana halitakupa kazi bila hiyo.

Kuhusu kuibiwa wazo: litaibwa, kama ni zuri. Taa za kupepesa za kufukuza wanyama sasa zinatengenezwa na watu wengi katika nchi nyingi. Kinga ipo, nayo ina masharti. Taasisi ya mali ya viwanda, KIPI, iko Popo Road, South C. Hataza hulinda kwa miaka 20. Kwa maboresho madogo ya kitu kinachojulikana kuna cheti chepesi kinacholinda kwa miaka 10. Jambo linalowaangusha wengi ni mdomo wao. Ukikionyesha kitu chako hadharani, kwenye maonyesho ya shule, kwenye televisheni au TikTok, sheria ya Kenya inakupa miezi 12 ya kuwasilisha maombi yako. Ulaya haikupi hata siku moja, kwao kitu kilichoonyeshwa si kipya tena. Basi peleka maombi kwanza, upige picha baadaye. Lakini pia usijenge biashara yote juu ya cheti. Cheti cha Kenya hakifanyi kazi Tanzania, na kesi ya kudai haki yako inaweza kumeza faida ya miaka. Kinachomshinda mwigaji kila siku ni daftari lako la wateja na yule kijana anayefuta paneli.

Karatasi nyingine nizipitie haraka. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, na kampuni baadaye unapokuwa na mshirika au mfadhili. Fungua till ya Lipa na M-Pesa, pesa ya biashara isichanganyike na ya kiberiti na unga. Mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka na hayajapita milioni 25, kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Lipa, kwa sababu benki itaomba rekodi hizo siku ukitaka mkopo. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali, na ni haki yenu kuziomba. Ila uliza wakandarasi wa kaunti yoyote wamesubiri malipo kwa muda gani kabla hujakopa fedha za kutimiza zabuni. Kampuni changa haiwezi kungoja mwaka mzima.

Muda wenyewe ni mrefu. Cellulant, kampuni ya malipo aliyoianzisha Ken Njoroge pamoja na mwenzake Mnigeria Bolaji Akinboro mwaka 2004, ilianza kwa kuuza milio ya simu. Milio ya simu! Ilipofika 2018 wawekezaji waliipa dola milioni 47.5, na magazeti yakaandika kana kwamba ilitokea usiku mmoja. Ni miaka 14, na bidhaa ya kwanza ilikuwa imeshasahaulika.

Asiye na subira ya miaka hiyo hutaka mtaji mkubwa mapema, na hapo ndipo linapoingia suala la ardhi, na hili nawaambia wazee kwa heshima zote. Tangu ranchi za pamoja za Kitengela zigawanywe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, tumeona ekari zikigeuka pikipiki, pikipiki zikigeuka vyuma chakavu, na mwenye shamba akirudi kuwa bawabu kwenye lango la aliyemuuzia. Siku hizi pikipiki imebadilishwa jina, inaitwa mtaji wa kampuni ya teknolojia. Kijana anakuja na kompyuta, anafungua michoro yenye mishale inayopanda juu, na anaomba ekari mbili ziuzwe.

Msimuuzie. Turere alianza na betri kuukuu na tochi mbovu, kwa gharama ya dola chache. Cellulant ilianza na milio ya simu. Mtaji mkubwa ukitangulia wateja, kwanza hukodi ofisi, kisha hununua viti. Na hata mzee akitaka kuuza, sheria haimwachi peke yake: kuna idhini ya mke au mume, na kwa ardhi ya kilimo na malisho kuna idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Mama, ukiletewa karatasi ya kutia sahihi jioni watu wakiwa na haraka, kataa mpaka asubuhi, uisome na mtu asiyefaidika. Kuweka hati rehani benki kwa ajili ya biashara ambayo haijauza chochote ni njia ile ile, ndefu kidogo tu.

Familia ikitaka kumsaidia kijana, ipo njia. Uzeni mbuzi, si shamba. Mpeni fedha ambayo ikipotea yote hakuna mtoto atakayekosa karo muhula ujao. Mpeni kwa sehemu: ya kwanza ya kutengeneza kifaa kimoja, ya pili akishaleta mteja wa nje ya ukoo aliyelipa kwa pesa zake, ya tatu mteja huyo akirudi kununua tena au akileta jirani. Na mkopo huo uandikwe, kiasi na tarehe ya kurudisha, mbele ya mashahidi wawili, hata kama mkopaji ni mtoto wenu wa kumzaa.